Mashine Ijitambulishe Kwanza

Haya ni maneno niliyoyatoa kwenye mkutano wetu wa watu wanaojiundia kompyuta. Nimeyaweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha za ukutani nimeziacha, maana nusu yake zilikuwa skrini nyeusi.

Ndugu zangu, nawasalimu.

Naomba mikono kwanza. Nani hapa amewahi kukaa mbele ya skrini saa nane za usiku, maandishi meupe yanaporomoka, halafu yakagota kwenye mstari mmoja na kugoma kuendelea? Naona mikono. Naona pia wanaotazama chini. Nyinyi ndio hasa niliowafuata.

Mada niliyopewa ni kuendesha macOS, mfumo wa kompyuta za Apple ziitwazo Mac, kwenye kompyuta za mezani tulizoziunda wenyewe, kile tunachokiita Hackintosh. Waandaaji waliniomba nieleze hatua za kuufunga mfumo. Niwieni radhi, sitaeleza. Maelekezo yapo tele, na mazuri yanabadilika kila toleo jipya likitoka. Nimekuja na neno moja tu: mfumo ule hauichukii mashine yako. Haujaijua. Basi! Kazi yetu yote, usiku wetu wote, ni kuitambulisha mashine. Ukiitambulisha sawasawa, inapokelewa. Ukiitambulisha vibaya, inaachwa mlangoni. Na ukiitambulisha kwa jina la mashine ya mwenzako, hilo nitawasimulia, maana lilinikuta mimi.

Tuanze na mlango wenyewe. Tarehe 6 Juni 2005, Steve Jobs alipanda jukwaani San Francisco akatangaza kwamba Apple inaachana na prosesa za PowerPC na kuhamia Intel. Akatoa na siri: kwa miaka mitano mfumo wa Mac ulikuwa ukiishi maisha mawili, ukiundwa chini kwa chini kwa ajili ya Intel pia. Watengenezaji wa programu wakapewa mashine za majaribio zenye Pentium 4. Hebu fikirini! Nje kasha la Mac, ndani prosesa ya jamii ile ile tuliyokuwa nayo mezani. Mac za kwanza za Intel zilitoka Januari 2006, na haukupita muda watu wakawa wanauonyesha mfumo huo ukiwaka kwenye kompyuta ambazo Apple haikuwahi kuzigusa.

Sasa nauliza. Kama prosesa ni ile ile, ramu ni ile ile, diski ni ile ile, kwa nini mfumo haukuwaka tu wenyewe?

Aliyeunda Windows alijua kwamba haijui mashine itakayomkuta. Akajiandaa kupokea yeyote: bodi yoyote, kadi yoyote, saundi yoyote. Aliyeunda macOS anazijua mashine zake zote kwa majina, kwa sababu ndiye aliyezizaa. Hakuwa na haja ya kuuliza maswali mengi mlangoni. Aliuliza machache, na akategemea majibu anayoyajua.

Swali moja nalipenda sana. Ndani ya Mac za Intel kuna chipu iitwayo SMC, inayosimamia feni, joto na umeme. Mfumo unapowaka huiuliza neno la siri. Na neno lenyewe ni nini? Ni kishairi cha Kiingereza cha herufi 64, bila nafasi hata moja, kinachosema kwamba kazi yetu ngumu inalindwa kwa maneno haya, tafadhali usiibe. Na kipande cha programu kinachohusika na ulinzi huo kinaitwa, sitanii, "Dont Steal Mac OS X". Mlinzi anayeomba kwa shairi! Leo swali hilo hujibiwa na programu ndogo iitwayo VirtualSMC, na watu wengi wanaoitumia hawajui hata kwamba kuna shairi linasomwa kila wanapowasha.

Lakini shairi lina mwenyewe, na mwenyewe ana leseni. Leseni ya macOS inaruhusu kuufunga mfumo kwenye kompyuta yenye chapa ya Apple tu. Nisiwafiche hilo, na msifichane. Mwaka 2008 kampuni moja ya Florida, Psystar, ilianza kuuza kompyuta za kawaida zikiwa na mfumo huo tayari ndani. Kabla mwaka haujaisha walikuwa mahakamani. Novemba 2009 Jaji William Alsup aliamua kwamba wamevunja hakimiliki ya Apple, Desemba wakapigwa marufuku, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono mwaka 2011. Msimamo wangu mimi, na si wa wakili: anayejifunza mezani kwake ajue anavuka mstari wa leseni na alibebe hilo mwenyewe. Anayetaka kuuza, au kuiweka ofisini kwa mtu ambaye hajui kilichomo, asiniite kwenye mradi wake.

Tuingie kwenye mashine.

Mashine yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa na prosesa ya Intel i7-8700 na bodi mama ya aina ya Z390. Rafiki yangu alikuwa na prosesa ile ile juu ya bodi ya Z370, na yake ilikuwa inawaka kama taa ya ukutani. Soketi moja, ramu aina moja, prosesa moja. Nikamwambia, ndugu yangu, nipe folda yako ya EFI, ile yenye faili za kuwashia mfumo. Akanipa kwenye flashi, na huku ananikabidhi akasema, "Lakini hiyo ni ya mashine yangu." Nikasema asante. Nilisikia ile "mashine yangu", "lakini" sikuisikia.

Nikanakili, nikawasha kwa hali ya maandishi ili nione kinachoendelea. Mistari ikashuka, ikashuka, ikafika pale inapotangaza kwamba mpangilio wa PCI, yaani njia za kadi na vifaa vya ndani, unaanza. Ikasimama. Nikazima, nikawasha. Pale pale. Nikachomoa ramu moja. Pale pale. Nikabadili diski. Pale pale. Nikabadili kebo ya skrini, na hapa nakiri kwamba kebo ya skrini haina uhusiano wowote na PCI, lakini saa tisa za usiku mtu hubadili chochote kinachobadilika.

Usiku wa kwanza ukaisha hivyo. Wa pili ukaisha hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaacha kubadili vitu, nikaanza kusoma. Mnajua ilikuwa nini? Saa!

Kila kompyuta ina saa ndogo inayotunza muda hata umeme ukiwa umekatika. Kwa miongo mingi saa hiyo imekuwa ya aina moja, RTC. Bodi nyingi za rika la Z390 zikaja na aina mpya, AWAC, na ile ya zamani ikawa imo lakini imezimwa. Ipo wapi habari hiyo? Kwenye majedwali ya ACPI, ambayo ni barua ya utambulisho ambayo bodi huupa mfumo wakati wa kuwaka: hapa nina saa, pale nina swichi ya umeme, huku kuna poti zangu. Windows ikisoma AWAC inaelewa. macOS haiijui AWAC. Inatafuta RTC, haiioni, na bila saa haiendi popote. Inakaa pale, kwa adabu kabisa, inasubiri.

Dawa yake ni jedwali la nyongeza la mistari michache, SSDT-AWAC, ambalo hugeuza kigezo kimoja kiitwacho STAS kuwa 1. RTC inaamka. Mfumo unapita. Usiku wangu mbili, ndugu zangu, kwa tarakimu moja!

Na folda ya rafiki yangu? Haikuwa na jedwali hilo kwa sababu bodi yake haikulihitaji. Haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inasema ukweli mtupu kuhusu mashine nyingine. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na mimi nilikuwa nimeivaa kuanzia shingoni hadi miguuni.

Kuna kuazima kubaya kuliko huko. Ndani ya faili ya mipangilio, config.plist, unaandika mashine yako ijulikane kama Mac ya aina gani. Kwa prosesa kama yangu wengi huandika iMac19,1, na pamoja nayo namba ya utambulisho. Sasa mtu ananakili folda nzima, namba zikiwamo! Mashine mbili, wenyewe wawili, namba moja, zote zinabisha hodi kwenye huduma moja ya ujumbe ya Apple. Halafu akaunti ikifungwa tunaulizana kulikoni.

Vijana hamkuyaona ya zamani. Kulikuwa na matoleo yaliyokwisha kupikwa: mtu usiyemjua amefungua mfumo, amechomoa hiki, amechomeka kile, akaufunga tena, nawe unaupakua na kuushukuru. Uliwaka, ndiyo. Lakini ulikuwa umepokea mfumo uliopita mikononi mwa nani? OpenCore, programu ya kuuwashia mfumo iliyotoka 2019 kutoka kundi la Acidanthera, ndiyo iliyotuzoesha ustaarabu: utambulisho wote unakaa kwenye kipande kidogo cha EFI, unapakiwa kwenye kumbukumbu wakati wa kuwaka, na mfumo ulioko kwenye diski unabaki kama ulivyotoka kwa aliyeuunda.

Jambo la pili, poti za USB. Nawaona mnaotabasamu. Naam, hizo hizo.

Mashine yangu, baada ya kuwaka, ilikuwa haipati usingizi. Naiagiza ilale. Skrini inazima, feni zinatulia, nahesabu moja, mbili, tatu, vuu! Imeamka. Nailaza tena, inaamka. Nikaacha kuilaza, nikawa naiacha iwake usiku kucha. Mke wangu akaniuliza swali ambalo fundi yeyote angelionea aibu: "Kwani hiyo kompyuta ina mashetani?"

Haikuwa na mashetani. Ilikuwa na poti nyingi mno na moja iliyodanganya.

Tangu toleo la El Capitan la 2015, macOS inakubali poti 15 tu kwa kila kidhibiti cha USB. Kumi na tano! Na bodi yangu, kwenye majedwali yake, ilitangaza 26. Mtasema, mbona nyuma ya kasha sioni poti 26? Kwa sababu poti ya buluu, ile ya USB 3, ni poti mbili katika tundu moja: ina njia za USB 2 na njia za USB 3, na kila moja ina jina lake, la USB 2 likianza na HS na la USB 3 na SS. Hivyo lazima uchague zipi zibaki na zipi ziachwe, la sivyo mfumo unakuchagulia, na haukuulizi.

Nikachukua karatasi. Nikachora mgongo wa kasha, tundu kwa tundu. Nikachukua flashi mbili, ya zamani ya USB 2 na mpya ya USB 3, nikaanza kuchomeka na kusoma jina linalotokea kwenye skrini. Tundu la kwanza juu kushoto, flashi ya zamani: HS03. Andika. Flashi mpya, tundu lile lile: SS03. Andika. Linalofuata. Nilipiga magoti nyuma ya meza karibu saa nzima, naandika kwa penseli huku tochi ya simu iko mdomoni. Kila tundu nililijua kwa jina lake. Mnajua watu wangapi wanaweza kusema hivyo kuhusu kompyuta yao?

Nilipomaliza nikalinganisha karatasi na orodha ya kwenye skrini. Kukabaki jina moja lisilo na tundu: HS14. Kuna kitu kimechomekwa HS14, lakini nyuma ya kasha hakuna kitu. Mbele hakuna kitu. Nikafungua ubavu wa kasha, nikafuata waya mmoja mwembamba mweusi kutoka kwenye kadi ya Wi-Fi, ukashuka, ukapita chini ya kadi ya picha, ukaingia kwenye pini za ndani za bodi. Bluetooth! Kumbe Bluetooth ya kadi ile inapita USB, kwa ndani.

Kila poti inatangaza pia aina yake kwa namba. Namba 3 ni tundu la nje la USB 3, kitu ambacho mtu huchomeka na kuchomoa. Namba 255 ni ya ndani, imeunganishwa moja kwa moja, haichomolewi. HS14 ilikuwa imeandikwa 3. Basi kila mara mashine ilipolala, mfumo uliishughulikia Bluetooth kama kitu cha nje, na kila mara ile ilipojitokeza upya, mfumo ukaamka kumpokea mgeni ambaye yumo humo humo ndani.

Nikafuta 3. Nikaandika 255. Nikahifadhi, nikawasha upya, nikailaza.

Moja, mbili, tatu. Nne. Tano. Kimya! Nikazima taa ya chumba nikakaa gizani nikitazama ile taa ndogo ya mbele ikiwaka na kuzima pole pole. Nilikaa kama dakika kumi. Hakuna mtu atakayeielewa furaha ile isipokuwa nyinyi mlio ukumbini humu.

Wapo watakaoniambia, mzee, kuna viraka vya kuondoa kikomo cha 15, weka kiraka, endelea na maisha. Najua. Kiraka kinafaa wakati unachora ramani, ili poti zote zionekane. Kukibakiza baada ya hapo ni kumwambia mwenyeji asihesabu wageni. Na siku toleo jipya likija na kiraka kikashindwa, utarudi kupiga magoti nyuma ya meza, safari hii huna penseli.

Nimegusa toleo jipya. Hapo nina kisa kifupi, na si changu.

Rafiki mwingine anahariri video. Alikuwa na kadi ya picha ya Nvidia ya kizazi cha Pascal, kadi nzuri kweli, na chini ya toleo la macOS liitwalo High Sierra ilienda vizuri kwa draiva za Nvidia wenyewe. Mwaka 2018 likatoka toleo lililofuata, Mojave. Draiva za Mojave kwa kadi za vizazi vya Maxwell na Pascal hazikutoka. Habari hiyo ilikuwa inajulikana. Yeye aliona kidude chekundu cha apudeti, akabonyeza, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Na mtego wenyewe ni huu: mfumo uliwaka! Ukimkataa kabisa, mtu hurudi nyuma upesi. Huu uliwaka, ukamwonyesha picha ya jangwa, na kila dirisha alilolivuta likawa linakuja kwa awamu kama mzigo unaoburutwa kwenye tope. Kadi ilikuwa inaonyesha picha tu. Kazi ya kuchora ilikuwa imemwangukia prosesa. Bekapu hakuwa nayo. Siku tatu alirudisha High Sierra na kazi zake, na mteja hakumsubiri siku tatu.

Kwa hiyo nawaomba, na hapa nawaomba kama ninavyomwomba mwanangu: diski mbili. Ya kazi na ya majaribio. Toleo jipya linaingia kwenye ya majaribio, linakaa humo wiki kadhaa, unalilaza, unaliamsha, unasikiliza saundi, ndipo uiguse ya kazi. Na flashi moja yenye EFI inayowaka iwe kwenye droo. Si kwenye kompyuta ile ile, jamani! Kwenye droo.

Na kwenye kununua vifaa, hapa desturi yetu ni kinyume cha wenzetu wote. Wao hununua kipya kuliko vyote. Sisi tunanunua kile ambacho Apple yenyewe iliwahi kukijua. Kadi ya picha ya AMD, RX 580, ilienda bila shida, RX 6600 pia, kwa sababu mfumo ulikuwa na draiva za jamaa zake. RX 7000, hakuna. Picha za ndani ya prosesa za Intel za mezani, tangu kizazi cha 11, hakuna. Na hata kinachojulikana leo kinaweza kusahauliwa kesho: toleo la Sonoma la 2023 liliziacha kadi za Wi-Fi za Broadcom tulizokuwa tukizichomoa kwenye Mac za zamani na kuzithamini kama lulu. Wenye prosesa za AMD za Ryzen mpo, nawajua, mnatumia viraka vya kiini cha mfumo kwa sababu Apple haikuwahi kuuza Mac yenye prosesa ya AMD. Inawezekana. Ila msije kuniuliza kwa nini programu fulani inaanguka kwenu peke yenu.

Nimalizie na lile ambalo limekaa kimya ukumbini tangu nianze.

Tarehe 22 Juni 2020 Apple ilitangaza kuhamia kwenye chipu zake yenyewe. Novemba ya mwaka huo chipu ya kwanza ya Mac, M1, ikatoka. Juni 2023 Mac Pro nayo ikahama, na hapo hakukuwa tena na Mac mpya ya Intel inayouzwa. Juni 2025 wakasema waziwazi: Tahoe, toleo la 26, ndilo la mwisho kwa Mac za Intel. Baada ya hapo mfumo unazungumza lugha ya prosesa nyingine kabisa. Saa unaweza kuiamsha kwa tarakimu moja. Poti unaweza kuiandika 255. Lakini utamtambulishaje mgeni kwa mwenyeji ambaye lugha yako ameshaacha kuisema?

Kuna wanaoniuliza kama najuta miaka hii yote. Niwajibu kwa jambo lililonitokea nilipofunga Linux kwenye diski ya pili ya mashine ile ile. Iliwaka mara ya kwanza, kila kitu kikafanya kazi, isipokuwa kulala. Inalala, inaamka. Zamani ningebadili kebo ya skrini. Safari hii nilivuta droo, nikatoa karatasi yangu ya penseli, nikaenda moja kwa moja kwenye HS14, nikaizuia isiamshe mashine. Dakika nne.

Karatasi yenyewe ninayo hapa, imekunjika na ina doa la chai. Inapita kwenu kuanzia safu ya mbele, naomba irudi. Na mashine ipo chini ya meza hii, imelala tangu nianze kusema, mnaweza kuchungulia taa. Aliye na swali asogee kwenye kipaza sauti, na kabla hajauliza chochote aniambie bodi yake ni ipi na kadi yake ya picha ni ipi.